Mshonaji Hajulikani

Kuna kazi ya kuchosha mwili: hiyo ukilala inaondoka. Na kuna kazi ya kuchosha roho: hiyo unalala nayo, unaamka nayo, unakunywa nayo chai. Kalondu binti Kiilu alipewa hii ya pili kwa wiki sita nzima, katika baridi ya mwaka 1957, kwenye nyumba ya makumbusho iliyokuwa juu ya shamba moja la kahawa kule Ruiru. Tena bila mshahara. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mwanafunzi wa chuo cha ualimu upande wa Machakos, na nakuambia kufikia wiki ya tano alikuwa anatembea kama mwanamke wa miaka sitini.

Ukisikia makumbusho usifikirie jumba la mawe lenye nguzo. Ilikuwa ghala kuukuu ya kahawa, mabati juu, sakafu ya saruji iliyopasuka. Chama cha walowezi wa hapo kilikuwa kimekusanya mikuki, vibuyu, vigoda, ngoma, ndege waliokaushwa na mawe mengi sana ambayo mpaka leo sijui yalikuwa ya nini. Jumamosi Wazungu walikuja kunywa chai na kutazama. Siku nyingine zote mgeni alikuwa vumbi.

Kalondu hakwenda huko kwa kupenda. Chuo kilikuwa kimeweka sheria mpya: kila mwanafunzi wa mwaka wa pili afanye kazi ya likizo mahali pa maarifa, arudi na karatasi ya ripoti iliyotiwa sahihi. Huna sahihi, unarudia mwaka. Na Kalondu hakuwa na mwaka wa kurudia. Baba yake, Mzee Kiilu, alikuwa amekwisha kutamka mbele ya nyumba nzima: "Ukirudi nyuma, rudi nyumbani kabisa. Zamu ni ya mdogo wako." Na Kiilu akisema jambo, ujue limesemwa. Kwa hiyo ile karatasi ndiyo iliyokuwa maisha yake, na alitembea nayo ndani ya Biblia ili isipate mkunjo.

Alilala Makongeni kule Thika, kwa mjomba wake Ndambuki aliyekuwa kibarua wa kiwanda. Chumba kimoja, pazia katikati, watoto wanne upande wake wa pazia na wote wanapiga mateke usingizini. Anaamka jogoo akiwa bado anafikiria. Anapanda gari la moshi, anapita mikonge ya Juja iliyopangwa mistari mpaka macho yanauma, anashuka Ruiru. Pale stesheni askari anataka vyeti, maana ilikuwa bado Hali ya Hatari, siku za Mau Mau, na waliowindwa ni Wakikuyu. Akisikia ni Mkamba anamwachia, lakini si kabla ya kumkawiza. Halafu ni kupanda kilima, manyunyu usoni, udongo mwekundu unashika viatu kama una deni navyo. Saa mbili kamili awe mlangoni. Akichelewa dakika tano, Memsabu anatazama saa, hasemi kitu, na huko kunyamaza kunachoma kuliko matusi.

Huyo Memsabu ndiye aliyekuwa mkuu wa makumbusho, mjane mrefu mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kutazamia watu. Wafanyakazi walimwita Memsabu Kadi, kwa sababu aliamini kwamba kitu kisichokuwa na kadi hakipo duniani. Kazi ya Kalondu ilikuwa hiyo: kupangusa vitu, kuvipa namba, kuandika kadi mpya mahali pa zile zilizofifia za karani wa zamani. Anachukua kitu, anasomewa kutoka kwenye kitabu kinene kilichotungwa na Mzungu mmoja aliyepita na hema lake siku za kale, anaandika. Vitu mia nne na kumi na viwili. Kwa wino, bila kufuta.

Basi wiki ya kwanza tu akaona mambo. Kijiti chenye matawi madogo kichwani, kile ambacho kila mama huzungushia uji kati ya viganja, kitabu kiliita fimbo ya mchawi.

"Memsabu," Kalondu akasema kwa adabu, "hiki ni cha kukorogea uji. Hata nyumbani kwetu kipo."

"Hapana," Memsabu akajibu kwa Kiswahili chake cha shambani. "Kitabu nasema mchawi. Andika mchawi."

Akaandika mchawi. Ungefanyaje? Mnyonge hana haki. Akaandika pia kwamba kata ya kunywea maji ni ya kunywea damu, na kwamba kirago cha kulalia watoto ni ngao. Kila jioni alishuka kilima akiona aibu, kama mtu aliyekwenda kusengenya jamaa zake na kurudi kwao kula chakula.

Mtu wa kuzungumza naye hapo alikuwa mmoja tu, Mzee Kang'ethe, mfagiaji. Mkikuyu wa makamo, mwembamba, koti la jeshi, nyayo zilizopasuka ambazo alizipaka mafuta ya mbarika kutoka kwenye chupa ndogo. Yeye alimwita Kalondu "mwarimu" tangu siku ya kwanza, kwa utani na kwa heshima pamoja. Aliishi na mke wake Wamboi katika kijiji cha Wakikuyu waliohamishwa kwa amri ya serikali, kilichozungushiwa miti iliyochongwa, chini ya shamba, na kabla ya saa kumi na mbili ilikuwa lazima awe ndani ya geti. Kipande chake cha kazi, yaani kibali cha kuwa hapo, kilitiwa sahihi na Memsabu kila mwisho wa mwezi. Hakuna sahihi, hakuna kazi. Hakuna kazi, anapakiwa kwenye lori na kupelekwa asikokujua.

"Atiriri, mwarimu, leo tumekuwa nini?" angeuliza akiegemea ufagio.

"Leo mmekuwa watu wa kunywa damu, mzee."

"Ngai! Na mimi chai ya rangi inanishinda." Halafu angecheka mpaka akohoe. "Siku nikikufa hapa, usikubali waniandike mkuki. Andika: Kang'ethe. Alikuwa anafagia."

Siku moja alimwambia kwamba Wamboi hajapika uji wa maana tangu wahamishwe. Kibuyu chake cha uji, alichopewa na mama mkwe, kilipata ufa siku ile walipobomolewa nyumba na kuamriwa kubeba vitu kwa saa moja. Sasa uji wanatia kwenye debe. "Uji ya debe inanuka bati," alisema. "Wamboi anakunywa akitazama pembeni." Kalondu akasema pole, akaendelea na kadi zake, maana zilikuwa zimebaki mia mbili.

Lakini kilichomuudhi kuliko vyote ni glavu. Memsabu alikataza kitu chochote kushikwa na mkono mtupu. "Mkono yako iko na mafuta," alisema, kana kwamba hivyo vitu vilitengenezwa na malaika wasiojua mafuta. Akampa glavu nyeupe za pamba zilizokuwa za marehemu bwana yake, mtu aliyekuwa na mikono kama koleo. Vidole vya Kalondu viliishia nusu ya safari humo ndani. Aliomba ashike kwa mikono yake iliyonawa vizuri kwa sabuni. Hapana. Aliomba glavu ndogo. Hapana iko.

Sasa fikiria: vibuyu vina mwili laini kama tako la mtoto, na glavu ni za pamba, tena kubwa. Jamani, hilo lilihitaji mtabiri?

Ilikuwa Jumanne ya wiki ya sita. Memsabu alikuwa amekwenda Nairobi mpaka Alhamisi, kushughulikia mgeni mkubwa aliyekuwa aje Jumamosi kutazama makumbusho na, kama yangempendeza, kuyapa jengo jipya. Kitu cha kuonyeshwa mgeni kilikuwa kibuyu namba mia moja kumi na saba, kibuyu kikubwa cha Kikamba, shingo ndefu, tumbo la kupendeza, kimechorwa nyota na ng'ombe kwa sindano ya moto. Memsabu alikuwa ameacha amri kipanguswe, kadi yake mpya iandikwe yeye akirudi. Kalondu akakitoa kwenye rafu ya juu kabisa, ambako hata Memsabu alikuwa amekitazama kwa mbali tu. Kikateleza ndani ya glavu kama samaki. Kilipogonga saruji kilitoa sauti ndogo tu, ko, na ufa ukakimbia kutoka shingoni mpaka katikati ya tumbo.

Kang'ethe alikuwa mlangoni. Kalondu aliketi chini pale pale, na kitu cha kwanza alichokiona si kibuyu, ni uso wa baba yake. Akalia. Alilia wiki zote sita kwa mara moja: treni, askari, mchawi, damu, watoto wa mateke, vyote.

Alipomaliza kulia alizivua zile glavu, akazitupa kwenye pembe. Akakishika kibuyu kwa mikono yake.

Mkono una akili yake. Kule kwao, kibuyu kikipasuka hakitupwi, kinashonwa. Bibi yake mzaa baba, aliyemwita susu kama Wakamba wote wanavyoita, alimfundisha akiwa na miaka minane, akimchapa vidole kila mshono ulipokwenda upande. Susu alikuwa na neno lake: kibuyu kizima hakijaonyesha bado kama kinapendwa, kilichoshonwa ndicho kina mwenyewe. Na usipoziba ufa utajenga ukuta. Kalondu hakuwaza kuficha wala kudanganya. Aliwaza tu kwamba kitu kimevunjika na yeye anajua kukishona.

"Mzee, una sindano ya magunia?"

"Iko."

"Moto wa chai bado unawaka?"

"Inawaka." Kang'ethe akamtazama. "Mwarimu, wewe najua hii kazi?"

"Utaniambia wewe."

Alilaza kitambaa chenye maji juu ya ufa mpaka ukalegea. Kang'ethe akaenda kwenye ua wa mikonge, akakata jani, akalipara kwa kisu mpaka nyuzi zikatoka nyeupe. Kalondu akazisokota juu ya paja. Akachoma matundu kwa sindano iliyopashwa moto, tundu huku na tundu kule, yakitazamana. Kisha akashona, mshono wa kupishana, akivuta pole pole, maana ukivuta kwa hasira kibuyu kinakujibu. Mwishoni akafunga fundo la susu: uzi unarudi mara mbili chini ya mshono wake mwenyewe halafu unamezwa, hauonekani mwisho wala mwanzo. Kila nyumba ina fundo lake, na hilo lilikuwa la nyumba yao. Halafu masizi ya sufuria na mafuta ya mbarika ya Kang'ethe, akapaka nyuzi zote ili wadudu wasizile, kama inavyofanywa siku zote. Zikawa nyeusi, zikang'aa kama zimekaa humo miaka.

Muda ulipita bila yeye kuona. Mgongo haukumuuma. Ilikuwa siku moja ya furaha katika siku zote za Ruiru, na ilikuja kupitia balaa.

Kang'ethe akakipokea, akakizungusha, akamimina maji ndani. Halikutoka hata tone.

"Ngai fafa," akasema polepole. Kisha akakumbuka dunia anayoishi. "Sasa sikia. Nyamaza. Sahihi kwanza, maneno baadaye."

Alhamisi Memsabu akarudi. Alikwenda moja kwa moja kwa kibuyu chake. Kalondu alisimama nyuma ya meza, ripoti yake mbele yake, kalamu kando. Memsabu akavaa miwani ya kusomea. Akatoa na kioo cha kukuzia vitu. Akapitisha kidole juu ya mshono, kidole kitupu bila glavu, akasahau sheria yake mwenyewe. Akatafuta kadi ya zamani, haina neno juu ya mshono. Akaguna, akamlaumu karani wa zamani kwa uvivu wa macho. Uso ukamng'aa.

"Angalia hii!" akasema. "Angalia kazi! Watu ya zamani nalijua. Sasa mikono kama hii hapana iko tena. Nakwisha. Nyinyi ya shule hapana jua kitu." Akamsukumia kadi mpya. "Andika. Imeshonwa kwa njia ya kale. Ufundi uliopotea. Mshonaji hajulikani."

Kalondu akachovya kalamu. Akaandika: imeshonwa kwa njia ya kale. Mkono ukasimama.

Nilikwambia karatasi ile ilikuwa maisha yake. Ilikuwa pale, shubiri moja kutoka mkono wa Memsabu, na sehemu ya sahihi ilikuwa bado nyeupe. Mtu mwenye akili angeandika, angenyamaza, angekwenda zake. Lakini alikuwa amechoka, na kuna kuchoka kunakomwondolea mtu hata woga. Angevumilia kuambiwa yeye hajui kitu. Lakini mikono ya susu imekwisha? Susu aliyemwacha nyumbani Jumapili iliyopita, akipiga kelele kuku wameingia jikoni? Hapo Kalondu alipandwa na hasira. Liwalo na liwe.

"Memsabu, nilishona mimi. Jumanne. Kilianguka mkononi mwangu kwa sababu ya glavu, kikapasuka, nikakishona."

Memsabu akabadilisha miwani, akamtazama kwa ile ya watu. Kalondu akaona mambo mawili yakipita usoni pale: kwanza hofu ya Jumamosi, mgeni na jengo jipya, kisha kuamua. Kuna ukweli ambao mwenye wageni hawezi kuupokea mlangoni.

"Wewe?" Akacheka, si kwa ubaya, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Hapana sema uwongo kwa kutafuta sifa."

"Mzee Kang'ethe alikuwepo. Muulize."

Kang'ethe alikuwa pale na ufagio wake. Memsabu akageuka. "Kang'ethe. Kweli hii?"

Yule mzee alitazama sakafu. Mwisho wa mwezi ulikuwa Jumamosi hiyo hiyo.

"Mimi nafagia tu, Memsabu," akasema.

Basi. Kalondu akaandika maneno yaliyobaki. Ufundi uliopotea. Mshonaji hajulikani. Mwandiko wake ulikuwa mzuri sana, mwandiko wa ualimu, kila herufi imesimama wima. Memsabu akakausha wino, akaridhika, na kwa ile furaha akavuta ripoti akaijaza papo hapo. Ana bidii ya kutosha. Anafika kwa wakati. Ahimizwe kusema kweli na kuheshimu kazi za wazee wake. Akatia sahihi.

Kalondu alisoma ile sentensi ya tatu mara mbili. Alikuwa amepata alichokitaka. Akaiweka ripoti ndani ya Biblia, akasema asante, akatoka. Saa ya chakula hakumwona Kang'ethe, wala hakumtafuta. Alikuwa na hasira naye kuliko na Memsabu, maana Memsabu hakuwahi kumwita mwarimu.

Saa kumi alikuwa stesheni ya Ruiru, ameketi juu ya ukingo wa saruji, baridi inampanda kutoka chini. Gari la moshi limechelewa, kama kawaida. Kilimani akaona koti la jeshi linakuja mbio, mzee mzima anakimbia na gunia kifuani. Askari akamsimamisha, akatazama kipande, akamwambia dakika ishirini, si zaidi.

Kang'ethe alifika akihema. Hakuketi.

"Asubuhi mdomo yangu ilikataa," akasema.

"Niliona."

"Kasirika tu. Una haki. Lakini sahihi yako ni moja, mwarimu. Yangu ni ya kila mwezi."

Ilikuwa kweli, na bado ilimuuma Kalondu, yote mawili kwa pamoja.

"Ile kadi," Kang'ethe akauliza, "uliandika nini? Mimi sijui kusoma."

"Kwamba aliyeshona hajulikani."

Kang'ethe akakunja uso, kama mtu aliyeonjeshwa kitu kilichochacha.

"Hajulikani na nani?" akasema.

Akafungua gunia. Ndani mlikuwa na kibuyu cha uji, kimezeeka, chekundu kwa kushikwa, na ufa mbaya ubavuni.

"Nimekwenda nyumbani saa ya chakula," akasema. "Nimemwambia Wamboi: iko msichana wa Kiilu, Mkamba, anaitwa Kalondu, anashona kibuyu na maji haitoki. Akanipa hii. Amesema usiharakishe, hata ukikaa nayo mpaka Krismasi. Lakini jina yako amelishika. Ameliita mara tatu, asisahau."

Kalondu alikuwa amechoka, jamani. Macho yalikuwa mazito, vidole vimekufa ganzi, na kutoka hapo mpaka Makongeni kulikuwa bado na safari. Akakipokea kile kibuyu kwa mikono mitupu, akakilaza juu ya mapaja, akapima ufa kwa kidole gumba. Machozi yalimtoka, hakuyapangusa.

"Katani unayo?" akauliza.

Kang'ethe alikuwa nayo mfukoni. Alikuwa amekwisha kuisokota mwenyewe njiani, vibaya sana, na Kalondu ikambidi aifumue yote aanze upya.